Kisitiri cha Kuchorea: Kona ya Utulivu kwa Fito na Makuti



Katika mkutano wetu mmoja hapa Bofa, mama mmoja alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa picha ya mashua iliyojaza tanga, imechorwa kwa penseli na binti yake wa Gredi ya 9. Picha ilikuwa nzuri. Lakini katikati ya tanga palikuwa na alama ya kiganja kidogo, cha uji.

"Hii ni ya tatu," mama alisema. "Ya kwanza kuku walipita juu yake. Ya pili ilimwagikiwa maji. Sasa mwenyewe asema atamwambia mwalimu imepotea, na hataki kuchora tena."

Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza. Nyumba zetu twazijua. Chumba kimoja au viwili, watu saba au wanane, jiko hapa, mtoto mchanga pale, redio ya jirani, na barazani wageni hawaishi. Mtoto akiketi kuchora, kila jicho lamwona kama hana kazi. "Hebu nenda dukani. Hebu mshike mdogo wako. Hebu kateke maji." Na akiwa ni msichana, hutumwa mara mbili ya kaka yake.

Hatuwezi kumjengea kila mtoto chumba chake. Lakini tuliona twaweza kumtengenezea kona. Katika makala hii tunaeleza jinsi tulivyotengeneza kisitiri cha kukunja, kwa fito, makuti na magunia, ili anayechora apate mahali pa kutulia. Tumekosea mara kadhaa, na makosa yetu tutayaeleza pia, ili nyinyi msiyarudie.

KWANI KUCHORA KUNA FAIDA GANI?

Swali hili liliulizwa na mzee mmoja wa kikundi, na ni swali la haki. Tulimjibu hivi.

Kwanza, angalieni kazi za hapa pwani. Mchongaji wa Malindi huchora kwa penseli juu ya mti kabla ya kushika patasi. Fundi wa milango huchora maua yake kwanza. Mshona kofia huweka alama za urembo kwenye kitambaa kabla ya sindano. Mpaka piko na hina hufanya mazoezi kwenye karatasi ndipo ashike mkono wa bibi harusi. Fundi seremala asiyeweza kuchora kiti hawezi kukubaliana na mteja wake kuhusu bei ya kiti hicho. Kuchora ni mwanzo wa kazi nyingi zinazolisha watu.

Pili, shule zimebadilika. Mtaala wa umilisi, ule watu wanaouita CBC, ulianza kutumika katika madarasa ya chini kote nchini mwaka 2019, na kundi la kwanza likaingia sekondari ya juu, Gredi ya 10, mwezi wa Januari 2026. Katika sekondari ya juu kuna njia tatu za masomo, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Kwa hiyo picha ya mashua si mchezo tena. Ni kazi ya shule kama hesabu.

Mzee alifikiri kidogo akasema, "Basi hesabu nayo itafutiwe kona." Tulikubali. Kisitiri hiki chafaa kwa kusoma na kuandika pia. Lakini tulianza na kuchora, kwa sababu anayechora akisukumwa mkono, kazi ya saa nzima huharibika mara moja.

KISITIRI HUSAIDIA VIPI?

Hebu jaribuni jambo hili. Keti ukitazama mbele, kisha mwambie mtu atikise mkono kandoni mwako, karibu na sikio. Hutauona mkono vizuri, wala hutahesabu vidole, lakini utajua kuna kitu kinatikisika, na utataka kugeuka. Ndivyo jicho lilivyoumbwa. Pembeni halioni vizuri maandishi wala rangi, lakini kitu kinachosogea hulishtua upesi. Ni ulinzi mzuri porini. Kwa mtoto anayechora ni taabu, maana kila anayepita mlangoni humwinua kichwa.

Kule Ulaya farasi wa kuvuta magari walivishwa vipande vya ngozi kando ya macho ili wasishtuke na mambo ya barabarani. Kisitiri ni kitu cha namna hiyo, ila mtoto wetu hatumfungi. Anaingia mwenyewe na kutoka mwenyewe.

Kutokana na hayo tulijifunza kwamba mabawa ya kando ndiyo yenye kazi kubwa kuliko lile la mbele. Kama vifaa ni vichache, tengenezeni ya kando mawili na mtoto aelekee ukutani.

Jambo la pili ni kwamba kisitiri chenyewe kisiwe cha kupendeza mno. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani walitoa habari za watoto 24 wa chekechea waliofundishwa masomo sita ya sayansi. Masomo matatu yalifundishwa katika chumba kilichojaa picha na mapambo ukutani, na matatu katika chumba kitupu. Katika chumba cha mapambo watoto walipoteza karibu asilimia 39 ya muda wakiangalia mambo mengine. Katika chumba kitupu ilikuwa karibu asilimia 28. Walipopewa maswali, katika chumba kitupu walipata asilimia 55, na katika kile cha mapambo asilimia 42.

Hao walikuwa watoto wachache, tena wadogo, na hatusemi shule zibandue picha zote. Lakini habari hiyo ilitufanya tucheke wenyewe, kwa sababu kisitiri chetu cha kwanza tulikivika leso. Leso ina maua, ina mistari, na zaidi ya yote ina maneno. Binti alituambia wazi, "Kila nikiinua macho nasoma." Tukaivua.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Kisitiri chetu kina mabawa matatu. Kila bawa lina upana wa futi 3 na urefu wa futi 4. Vifaa ni hivi:

- Fito 7 zilizonyooka, kila moja futi 10, unene wa kidole gumba cha mtu mzima au zaidi kidogo. Fito 6 zatosha, ya saba ni akiba.
- Makuti yaliyosukwa ya kumba, yale ya kuzungushia ua, kiasi cha kufunika mabawa matatu. Pangeni juu ya fremu kwanza mwone kama yametosha.
- Magunia meupe 4 au 5 ya unga au mchele, yaliyofuliwa, au shuka kuukuu la rangi moja, au kitambaa cha amerikani.
- Kamba ya makumbi ya nazi. Kama hakuna, kamba ya katani.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli.
- Sindano kubwa ya magunia na uzi wa nailoni.
- Panga au msumeno, kisu, na kamba ya kupimia.

Neno juu ya fito. Wengi wetu tumezoea fito za mikoko. Ni kweli ni imara, na mchwa hazipendi. Lakini mikoko ya pwani ya Kenya imehesabiwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na kuikata kunahitaji kibali. Tena mikoko ndiyo malezi ya samaki na kamba wetu. Kwa kazi ndogo kama hii mvinje unatosha kabisa. Hapa Kilifi wakulima wengi wanapanda mivinje, na matawi membamba wanayopogoa mara nyingi hubaki kuwa kuni. Ombeni hayo. Toeni maganda, kisha kausheni kivulini kwa muda wa wiki mbili. Ukitumia fito mbichi, hukauka na kunywea, na kamba zote zinalegea. Tumelijua hilo kwa kufunga kazi yote upya.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Kateni fito. Mnahitaji vipande 6 vya futi 4 (nguzo), vipande 6 vya futi 3 (vya kulala) na vipande 3 vya futi 5 (vya mshazari). Ili msipoteze mti, kateni hivi: fito tatu za kwanza, kila moja itoe kipande cha futi 4 na viwili vya futi 3. Fito ya nne itoe vipande viwili vya futi 4. Ya tano itoe cha futi 4 na cha futi 5. Ya sita itoe viwili vya futi 5. Hapo mmemaliza.

2. Fungeni fremu. Lazeni nguzo mbili chini, wekeni vipande viwili vya kulala juu yake, kimoja juu na kimoja chini. Cha juu kiwe inchi 2 kutoka nchani. Cha chini kiwe inchi 6 kutoka chini, ili bawa liwe na miguu. Funga kila kona kwa kamba iliyolowa maji, zungusha mara nne kwa msalaba, kisha pitisha kamba katikati ya fito mbili na kukaza. Kamba ikikauka hukaza zaidi.

3. Pimeni kona. Kabla ya kukaza kabisa, pima kwa kamba kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala, kisha pima zile mbili nyingine. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, sukumeni mpaka vilingane. Tulilipuuza jambo hili mara ya kwanza, na kisitiri chetu kikasimama kama mlevi.

4. Fungeni mshazari. Kipande cha futi 5 kitoke kona ya chini kwenda kona ya juu ya upande wa pili, kifungwe pande zote mbili. Bila mshazari, bawa huyumba hata lifungwe vipi.

5. Funikeni kwa makuti. Anzeni chini, kwenye kile kipande cha kulala, mkipanda juu, kila kuti lilalie la chini yake kidogo kama tunavyoezeka. Shoneni kwa kamba nyembamba. Zile inchi 6 za chini ziacheni wazi. Tutaeleza sababu hivi punde.

6. Wekeni bitana. Makuti peke yake yana vitundu, na jua likipiga hutupa vidoa vya mwanga juu ya karatasi, mtoto hajui kipi ni kivuli na kipi ni mstari wake. Kwa hiyo shoneni magunia meupe upande wa ndani. Maandishi ya gunia yageuzwe yatazame makuti, ndani pabaki peupe. Weupe huo hurudisha mwanga juu ya karatasi taratibu, bila kuumiza macho.

7. Unganisheni mabawa. Kateni tyubu vipande vya inchi 8. Kila kiungo kati ya bawa na bawa kifungwe mahali patatu: juu, katikati na chini. Pitisha mpira kwa mtindo wa namba nane, yaani uzunguke nguzo moja, upite katikati, uzunguke ya pili, ndipo ufunge. Hivyo bawa litakunjika upande wowote.

Watu watatu wenye mkono wa kazi humaliza kwa siku moja, kama makuti yamekwisha kusukwa. Tena ni kazi nzuri ya kufanya pamoja na vijana, kwa maana wanajifunza kupima na kufunga.

KWA NINI FUTI 4, NA KWA NINI CHINI PAWE WAZI?

Vijana wetu walitaka kisitiri kirefu, futi 6, "kama chumba." Kina mama walikataa, na tunaona walikuwa na haki.

Mtoto aliyeketi kwenye kiti au mkekani, macho yake huwa chini ya futi 4. Kwa hiyo haoni nje. Lakini mtu mzima aliyesimama anaona juu ya kisitiri bila taabu. Na zile inchi 6 za chini zaonyesha miguu ya aliye ndani. Jamani, tuseme waziwazi: mahali pa mtoto pa kutulia pasiwe mahali pa kumficha mtoto. Mzazi akipita aone ni nani yuko ndani. Mwalimu wa ziada, kaka mkubwa, mgeni au mtu mwingine yeyote asikae na mtoto nyuma ya ukuta usioonekana. Kikundi kisikubali kisitiri kirefu kwa watoto, hata kikipendeza namna gani.

Uwazi wa chini una faida nyingine. Hewa hupita, makuti hayaozi kwa unyevu wa sakafu, na mchwa akianza kupanda miguuni utamwona mapema.

MAHALI PA KUKIWEKA

Ndani ya nyumba, kona iliyo karibu na dirisha ndiyo bora, mbali na jiko na mbali na mlango. Anayechora kwa mkono wa kulia, mwanga umjie kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya kazi. Wa mkono wa kushoto, kinyume chake. Na tafadhali, anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kubadilisha.

Nje, fuateni jua. Asubuhi bawa la kati liwe upande wa mashariki, jioni ligeuzwe upande wa magharibi, hapo karatasi itapata kivuli cha kisitiri chenyewe. Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 mchana jua liko juu ya kichwa, na kisitiri hakisaidii kitu. Hapo kipelekeni barazani au chini ya mwembe. Msikiweke chini ya mnazi hata siku moja. Anayechora ameinamisha kichwa, hataiona nazi ikianguka.

Halafu kuna upepo. Sisi watu wa Bofa twaishi na bahari, na tunajua kusi inavyovuma katikati ya mwaka. Bawa la makuti ni tanga. Siku ya kwanza tulikisimamisha nje kikiwa kimenyooka, na upepo ukakichukua mpaka uani kwa jirani, kuku wakatawanyika. Kisitiri kisisimame kwa mstari mmoja. Mabawa ya kando yakunjwe kuelekea kwa anayechora, kama herufi U, na kila mguu wa pembeni ufungiwe mfuko mdogo wa mchanga. Upepo ukizidi, kikunjeni kiingie ndani.

Ndani ya kisitiri hapahitaji vitu vingi. Kipande cha plaiwudi cha futi 2 kwa futi 1 na nusu, kikiegemezwa juu ya tofali moja ili kilale mshazari, ni meza tosha. Vibanio viwili vya nguo vitashika karatasi isipeperuke. Karatasi za mazoezi ziwe migongo ya kalenda za zamani, au karatasi ya ndani ya mfuko wa simiti ikishapanguswa. Kazi iliyokwisha iwekwe katikati ya makaratasi mawili magumu, kwa sababu unyevu wa bahari hukunja karatasi usiku mmoja. Isikunjwe mara nne ndani ya mkoba!

TAHADHARI YA MOTO

Hapa tunaomba kila mmoja asome taratibu, na asiyejua kusoma asomewe.

Jioni moja, katika nyumba ya mwenzetu, mtoto alitaka kumaliza kazi yake baada ya jua kutua. Koroboi ikawekwa juu ya kigae, ndani ya kisitiri, karibu na ubao. Upepo ulisukuma bawa moja, ncha ya kuti ikagusa ule mwali. Makuti makavu hayangoji. Kwa bahati mama alikuwa karibu na ndoo ya maji ilikuwa imejaa. Bawa moja liliungua nusu. Mtoto hakuumia, lakini alitetemeka, na sisi tulitetemeka naye. Juu ya vichwa vyao paa nalo lilikuwa la makuti.

Tangu siku hiyo sharti letu ni moja: HAKUNA MOTO NDANI YA KISITIRI. Si koroboi, si kandili, si mshumaa, si udi wa mbu. Kama kuna taa ya sola au tochi, sawa, ifungwe kwenye nguzo ya kushoto. Kama hakuna, kuchora kumalizike mapema, maana hapa kwetu saa 1 kasoro robo jioni jua limekwisha kutua. Na kisitiri kikikunjwa kisiegemezwe jikoni.

MASHARTI YA NYUMBA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lilituchukua miezi kuligundua. Kisitiri huzuia macho tu. Sauti hakizuii. Na amri ya "hebu nenda dukani" hupita juu yake kama ndege.

Yule mama wa picha ya mashua alikuwa wa kwanza kupewa kisitiri. Baada ya wiki mbili tulimtembelea. Kisitiri kilikuwa kimesimama vizuri, na ndani hapakuwa na mtu. Binti alikuwa kisimani. Tulipouliza, nyanya yake, hawe wa nyumba ile, akasema, "Mimi nilidhani mmeleta ua la kuogea."

Hatukumlaumu. Hatukuwa tumemweleza. Tulikuwa tumefunga fito vizuri lakini hatukuwa tumeketi na watu wa nyumba. Basi tuliketi, tukanywa chai, na mwisho wake nyumba ile ikakubaliana masharti haya. Tunayaandika kama yalivyo, nanyi mwaweza kutengeneza yenu:

- Kisitiri kikifunguliwa, aliye ndani yuko kazini. Hatumwi kwa muda wa saa moja. Kazi za nyumbani zipangwe kabla au baada, na zigawanywe kwa wavulana na wasichana sawa.
- Kila anayekuja apige hodi, hata baba. Akiambiwa "karibu" ndipo achungulie. Asipojibiwa, angoje.
- Simu haiingii. Ibaki kwa mama.
- Redio si lazima izimwe, lakini ipunguzwe.
- Mtoto mdogo naye apewe kipande cha katoni na kaa la kuchorea, akae nje ya kisitiri. Ukimfukuza atarudi na uji. Ukimpa kazi atachora.
- Kisitiri kisiwe adhabu. Asiambiwe mtoto, "Nenda ukakae kule ndani ufikirie makosa yako." Siku hiyo mtamharibia.

Lile la hodi ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Twadhani ni kwa sababu si jambo geni. Kila mtu hapa pwani amelelewa kwamba mlango wa mtu hauingiwi bila hodi, hata kama mlango wenyewe ni pazia. Mtoto hakuwahi kuwa na mlango. Sasa anao.

JE, KILA MCHORAJI ANAHITAJI KISITIRI?

Hapana. Mwenzetu mmoja alitukumbusha habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora kule Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao mgumu. Picha zake ziliuzwa nje, watu wakipita, na kabla hajafariki mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwafundisha wengine. Mtindo wake mpaka leo wajulikana kwa jina lake. Wapo watu ambao kelele na wapita njia huwapa nguvu. Na mtu anayechora vizuri tayari huvumilia mengi kuliko anayejifunza.

Kwa hiyo muulizeni mtoto mwenyewe. Mmoja katika kikundi chetu alikaa ndani siku mbili akasema anasikia upweke. Tukamkunjia bawa moja, akabaki na mawili, akatosheka. Kisitiri kinachokunjika kina faida hiyo.

Tena kisidhaniwe ni cha watoto tu. Mama yule yule, binti akiwa shuleni, yuwaketi humo kuchora mapambo ya vitambaa vya meza anavyouza. Alituambia kwamba kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuketi saa nzima bila mtu kumwita.

MWISHO

Mtauliza, je, yule binti alifaulu? Hatutasema kisitiri kilimpa alama, maana alama ni za mkono wake. Tunachojua ni kwamba alichora mashua kwa mara ya nne, na karatasi ilifika shuleni ikiwa safi, haina uji wala alama ya kuku. Mama yake aliibeba mwenyewe, katikati ya makatoni mawili.

Bawa lililoungua tulilitengeneza upya. Kipande kimoja cha fito nyeusi tulikiacha palepale makusudi, ili tusisahau.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayetumwa zaidi, na saa ngapi? Kwa nini?
2. Ni watu wangapi katika kikundi chetu wanaofanya kazi inayoanza na kuchora? Wanaketi wapi?
3. Fito na makuti tutayapata wapi bila kuharibu mikoko?
4. Usiku tunatumia mwanga gani karibu na makuti? Tufanye nini kabla haujatokea msiba?
5. Kama tuna kisitiri kimoja tu kwa nyumba tano, tutakigawanaje kwa haki?

Kikundi kitakachojaribu, tunaomba mtuambie mlivyofanya. Hasa tuambieni mlipokosea, kwa sababu hapo ndipo sisi wengine tutajifunza. Kazi njema, na hodi zenu ziwe nyingi.